Umemaliza chuo Uingereza, kazi unayo, benki inakunyima mkopo: anzia hapa

Hii ni kwa nyie mliomaliza digrii au masta Uingereza mkahamia kwenye Graduate visa, ile ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo, mshahara unaingia kila mwezi bila shida, halafu siku unaomba mkopo wa pauni elfu tatu ununue kigari cha kuendea shifti za usiku benki inakujibu hapohapo kwenye simu kwamba samahani, kwa sasa hatuwezi kukupa. Sababu hawasemi. Unapiga simu unawekewa muziki, ukimpata mtu anakusomea maneno yaleyale yaliyoko kwenye meseji. Na kinachouma zaidi ni kwamba ada ya chuo yote, maelfu ya pauni, ilipita humohumo kwenye akaunti yao na siku hiyo hakuna aliyekuuliza wewe ni nani.

Sasa usimkasirikie dada wa kaunta maana hana anachoweza kufanya, anayeamua ni kompyuta. Kompyuta inaenda kuchungulia mafaili ya kampuni tatu, Experian, Equifax na TransUnion, kuona umewahi kukopa nini na umelipaje, na kwako inakuta faili karibu tupu, akaunti moja ya benki na laini ya simu ya kuongeza salio. Kwa hesabu zao wewe hukopesheki, unawekwa karibu na mdaiwa sugu ingawa hudaiwi hata senti. Fuliza zote ulizorudisha kwa wakati, mkopo wa SACCOS wa mama ulioulipia wewe, rekodi safi ya mikopo kule CRB ya Nairobi, hivyo vyote benki ya mtaani kwako kule Leicester haivioni. Mkopo wa HESLB au HELB nao hauonekani huku, hiyo angalau ni nafuu (lipeni lakini, wadogo zenu wanasubiri hizo hela).

Kwa hiyo kazi yako ni kujifanya uonekane, halafu ndio uombe. Watu wengi wanafanya kinyume.

Cha kwanza acha kuomba ovyo. Ukikataliwa benki moja ukakimbilia ya pili na ya tatu wiki hiyohiyo, kila ombi linaacha alama kwenye faili lako, wanaiita hard search, na wakopeshaji wengine wanaiona kwa mwaka mzima au zaidi, wanasema huyu mbona anahangaika hivi, ana nini. Badala yake tumia zile kurasa za kupima kama unafaa kabla ya kuomba, benki nyingi wanazo na hata zile app za kuangalia alama zako za ukopaji zinazo, zile zinachungulia kijuujuu na mkopeshaji mwingine haoni kitu. Ukisoma pale chini wameandika soft search basi endelea, kama hawajaandika kitu funga hiyo kurasa.

Halafu toa ripoti zako zote tatu kwa zile kampuni za mafaili, ni haki yako kisheria kuzipata bure, na kujiangalia mwenyewe hakukupunguzii chochote. Usiishie kwenye ile namba kubwa ya alama zako yenye rangi ya kijani, ile ni ya kukufurahisha tu, benki ina hesabu zake za ndani na wala haiitumii namba hiyo kama ilivyo. Wewe soma vilivyoandikwa ndani, na anza na jina.

Hapa ndipo sisi tunapoumia kuliko Wahindi na Wanaijeria, kwa maoni yangu. Mtu kwao anaitwa Bakari Juma Mwinyi, jina lake, la baba, la babu. Pasi imeandika Mwinyi kama jina la ukoo. Chuo wakamsajili Juma ndiye ukoo, kampuni ya umeme wakaandika Mr Bakari Bakari maana fomu ilidai sehemu mbili na yeye alikuwa na haraka, benki wana B J Mwinyi. Kwenye mfumo hao ni watu watatu au wanne, kila mmoja ana kipande kidogo cha historia na hakuna hata mmoja mwenye ya kutosha. Na anwani nayo vilevile, sehemu moja umeandika Flat 2, 14 fulani Road, sehemu nyingine 14B, na nyingine bado inasoma hosteli ya chuo uliyohama zamani. Chagua muundo mmoja, jina kama lilivyo kwenye pasi herufi kwa herufi, anwani kama inavyotokea ukiingiza postikodi, kisha pita kila mahali, benki, simu, umeme, mwajiri, badilisha zote zifanane. Ukikuta kosa kwenye ripoti yenyewe waandikie hiyo kampuni, wana siku 28 za kukujibu.

Fomu za mkopo karibu zote zitakuuliza ulikaa wapi kwa miaka mitatu iliyopita. Kama bado hujafikisha miaka mitatu Uingereza usibuni anwani wala usiongezee miezi kwenye ya huku, tafuta sehemu ya anwani ya nje ya nchi uweke mtaa na namba ya nyumba ya nyumbani. S.L.P. usiweke, mfumo hauijui, watu wanaandika S.L.P. 3000 Moshi halafu wanashangaa kompyuta imegoma.

Kuna kitu kimoja cha bure ambacho nusu ya Waswahili wa huku hawakijui na kinasaidia kuliko app zote, nacho ni daftari la wapiga kura. Ndiyo, wewe mwenye viza. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wamo, hata mwanafunzi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo. Unaingia gov.uk unajaza, dakika chache tu, unaweka namba yako ya National Insurance, baada ya hapo halmashauri inathibitisha na wale jamaa watatu wa mafaili wanapata jina na anwani yako kutoka chanzo wanachokiamini. Kama hutaki jina lako liuzwe kwa wafanyabiashara weka tiki ya kujitoa kwenye daftari la wazi, lile kamili benki bado zitaliona. Wasioruhusiwa kujiandikisha watume uthibitisho wa makazi kwa hizo kampuni tatu na kuomba waweke maelezo mafupi kwenye faili, kwamba sina haki ya kupiga kura kwa sababu ya uraia wangu.

Viza sasa. Kadi za ukaazi za BRP zilikwisha mwisho wa 2024, siku hizi hali yako iko kwenye mtandao na unamwonyesha mtu kwa share code, namba ya siri ya muda inayodumu siku 90. Zipo za aina tatu na watu wanachanganya: inayoanza na W ni ya mwajiri, R ni ya mwenye nyumba, S ni ya mengineyo, benki ikiwemo. Ukimpa benki ile ya W uliyompa bosi haitafunguka kwao, na yule wa upande wa pili hatakwambia kosa ni herufi, atakwambia tu nyaraka zako hazikuthibitika.

Kubwa zaidi ni urefu wa viza. Graduate visa ni miaka miwili, PhD mitatu, watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18 badala ya ile miaka miwili, na haiongezwi. Sasa wewe umebakiza miezi 14 halafu unaomba mkopo wa kulipa miaka mitano, hata mimi ningekuwa benki ningekunyima. Omba wa mwaka mmoja uishe kabla ya viza, marejesho ya mwezi yatapanda ila uwezekano wa kukubaliwa unapanda pia. Zipo benki ambazo zinataka mkaaji wa kudumu tu, uliza hilo kabla ya kujaza chochote, swali moja la simu linakuokoa hard search.

Wakati unasubiri, jenga historia. Njia ya haraka ni kadi ya mikopo ya wanaoanza, zile zenye kikomo kidogo cha pauni mia mbili, mia tatu hivi na riba ya kutisha ya asilimia thelathini na zaidi kwa mwaka. Riba isikutishe, ukifuata haya hutailipa. Weka kitu kimoja tu kwenye hiyo kadi, mafuta au nauli ya basi, kisha weka dairekti debiti, yaani benki ikate yenyewe, ya kulipa deni lote kila mwezi, sio kile kiwango cha chini, deni lote, na hapo riba ya manunuzi haikugusi. Usitoe keshi kwa hiyo kadi hata siku moja, keshi inaanza kutozwa riba dakika hiyohiyo na ada juu. Usiikaushe pia, ukitumia chini ya theluthi ya kikomo inapendeza zaidi. Mkataba wa simu wa kulipa kwa mwezi nao husaidia. Malipo ukiyachelewesha yanabaki yanasomeka miaka sita, kwa hiyo kama unajijua mzembe basi dairekti debiti kila kitu.

Overdrafti, yaani kutumia zaidi ya ulichonacho kwenye akaunti, usiizoee, najua tumekulia kwenye Fuliza na Songesha lakini huku benki nyingi zinatoza karibu asilimia 40 kwa mwaka.

Faili likishaanza kunenepa usikimbilie benki kubwa moja kwa moja. Jaribu credit union, hizi ni SACCOS za huku, za mtaa au za sekta, wafanyakazi wa NHS kwa mfano wana zao. Wengine watakutaka uweke akiba kidogokidogo kwanza, ila huko mara nyingi ombi lako linasomwa na mtu mwenye macho, na sheria imewawekea dari ya riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ukiona tangazo la riba nzuri ujue ile riba ya kwenye tangazo wanatakiwa kuitoa kwa asilimia 51 tu ya wanaokubaliwa, wewe mgeni jihesabu upande wa pili mpaka uone barua yako. Na ukishasaini una siku 14 za kughairi, unarudisha hela na riba ya siku ulizokaa nazo, basi.

Kausha damu, zile kampuni za mikopo ya riba ya kutisha, na huku zipo. Za halali zimebanwa tangu 2015, haziwezi kukutoza zaidi ya asilimia 0.8 kwa siku wala kukulipisha zaidi ya mara mbili ya ulichokopa, bado ni ghali sana. Za haramu ni yule jamaa wa kwenye grupu la WhatsApp anayesema tuma pauni 80 ya fomu kwanza mkopo unaingia leo. Hakuna mkopo hapo. Angalia jina la kampuni kwenye rejista ya FCA, wale wanaosimamia kampuni za fedha Uingereza, kama haipo mwache.

Na hili nalisema kwa wadogo zangu waliofika juzi: usimpitishie mtu hela kwenye akaunti yako. Inakuja kwa sura nzuri tu, kaka mmoja anasema nikuingizie pauni hapa wewe mwambie nduguyo ampe mama yangu shilingi Dar, tukwepe makato. Pauni zikiwa za wizi, benki inafunga akaunti yako na kukuwekea alama ya Cifas, ile orodha ya utapeli ambayo benki huichungulia, inayokaa miaka sita, na hapo sahau mkopo, hata akaunti ya kupokelea mshahara utaitafuta kwa tochi. Akaunti ya pamoja na mliopanga naye nyumba nayo usifungue, madeni yake yataanza kusomwa pamoja na yako. Kukaa naye nyumba moja tu hakuna neno.

Ukifanya yote hayo na bado wakakunyima, usiondoke mikono mitupu. Waulize kwa maandishi wametumia kampuni ipi kati ya zile tatu, wanatakiwa wakwambie. Waambie unataka uamuzi wa kompyuta upitiwe na binadamu. Omba pia nakala ya taarifa zako zote walizonazo, ni bure na wana mwezi mmoja wa kukupa, humo utakuta mambo, mara wamekuandika huna kazi, mara uraia wamebonyeza nchi nyingine kabisa. Usiandike insha ya machungu. Andika hivi: niliomba tarehe fulani, mkakataa, taarifa hii kwenye rekodi yenu si sahihi, ushahidi huu hapa, hili ni lalamiko rasmi. Hayo maneno ya lalamiko rasmi yaandike, maana yanaanzisha saa, benki inapewa wiki nane kutoa jibu la mwisho. Zikipita, au jibu likawa la hovyo, unapeleka kwa Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko ya fedha, ndani ya miezi sita ya hilo jibu, hulipi kitu na huhitaji wakili. Kuilazimisha benki ikukopeshe kwa kawaida hawatafanya hivyo, ila wakikuta benki ilikosea wanaweza kuiagiza irekebishe taarifa zako na mara nyingine ikulipe fidia kidogo ya usumbufu, na faili likishanyooka ndio unaomba tena, benki nyingine.