Namba ya HS ya nguo: anza na kitambaa, jina baadaye

Wateja wengi wanaonifuata niwatolee mzigo forodhani hapa Makoroboi, Mwanza, wanakuja na invoisi imeandikwa "nguo, pisi 1200" basi. Kaka, hiyo haitoshi, forodha wanataka namba ya HS, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha aina ya bidhaa. Na usiniambie mbona zote kodi ni ileile, ni kweli nguo nyingi ushuru wake ni asilimia 35 kwenye jedwali la Afrika Mashariki tangu Julai 2022, ila namba ikikosewa forodha wanalinganisha bei yako na bei ya bidhaa ambayo siyo yako, mnaanza kubishana huku mzigo umelala bandari kavu na storeji inahesabu siku.

Hatua ya 1: shika kitambaa. Hapa ndo watu wanapotelea. Kwenye jedwali la namba hizo, Sura ya 61 ni nguo zilizofumwa kwa vitanzi kama sweta, Sura ya 62 ni za nyuzi zinazopishana juu na chini kama kitenge. Kuvutika kusikudanganye, jinzi za kubana zinavutika kwa sababu ya uzi wa elastiki lakini bado ziko 62. Mi nawasha kamera ya simu nazoom mpaka mwisho kwenye upindo wa ndani, nikiona vijitanzi vimeshikana, kama herufi V zimepangwa mstari, hiyo ni 61, nikiona vimiraba kama mkeka ni 62. Sidiria hazina habari hiyo, ziwe za vitanzi zisiwe za vitanzi zinaenda 6212.

Hatua ya 2: ni nguo gani. Tisheti ya kawaida isiyo na kola wala vifungo ni 6109. Zile za kola tunazoita fomu siksi sio 6109! Za kiume ni 6105, za kike 6106. Mi mwenyewe nikiwa mgeni kwenye kazi niliziandika zote tisheti, nikarekebisha kadhia, yaani tamko la mzigo forodhani, mara mbili na mwenye mzigo hakuniitikia salamu wiki nzima.

Hatua ya 3: ya kiume au ya kike? Angalia zinavyofungwa mbele, upande wa kushoto ukilalia wa kulia ni ya kiume, kinyume chake ni ya kike, labda mkato wenyewe uwe unaonyesha wazi ni ya nani. Ukishindwa kabisa kujua, sheria inasema ihesabu ya kike. Ya mtoto mchanga inaangaliwa urefu wa mtoto, mwisho sentimita 86.

Hatua ya 4: soma lebo. Pamba 60 polista 40 inahesabiwa pamba, maana uzito mkubwa ndo unaamua, kwa hiyo tisheti hiyo ni 6109.10, ingekuwa polista nyingi ingekuwa 6109.90.

Wale wa soko la mitumba la Mlango Mmoja, mitumba ni 6309, ila lazima ionekane imevaliwa kweli na iwe imekuja kwa wingi, kwenye belo au magunia. Nguo mpya ukaifunga belo haigeuki mtumba.

Hatua ya 5: piga hesabu kabla hujalipa muuzaji. Thamani ukijumlisha na bima na usafiri tuseme ni milioni 10: ushuru 3,500,000, halafu VAT asilimia 18 inapigwa kwenye 13,500,000 sio kwenye 10, ni 2,430,000. Na tozo nyingine ndogondogo zipo. Wanaopitia Mutukula, mpakani na Uganda, ukinunua Kampala nguo iliyotengenezwa China inabaki ya China, risiti ya Kampala haikupi msamaha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Bado una wasiwasi na namba? Iandikie TRA uombe uamuzi wa awali mzigo haujaingia, peleka na sampuli moja yenye lebo yake, usiikate, na usiifue.