Kabla Hujachora Silabasi ya Kozi Yako

Semista ikikaribia, wahadhiri wengi tunachukua silabasi ya mwaka jana, tunabadilisha tarehe na kuigawa. Mwanafunzi anatafuta tarehe za testi tu, kurasa nyingine hazigusi. Silabasi ya picha, yaani inayoonyesha kozi kwa michoro, inaweza kumfanya aisome yote, ila kazi kubwa ya kuiandaa inatangulia kompyuta.

Anza na hesabu. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, za darasani pamoja na za mwanafunzi peke yake. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kwa wiki 15 ni saa 8 kila wiki. Zipange kwa penseli: mihadhara, kusoma, kazi za vikundi. Wiki iliyolemewa utaiona hapohapo, na utahamisha kazi moja mapema badala ya kusikiliza malalamiko mwezi wa pili. Mchoro huo wa wiki, kila moja na nguzo yenye urefu wa mzigo wake, ndio moyo wa silabasi. Chini yake chora mgawanyo wa alama za kozi kwa vipimo vya kweli: kama kosiwaki (testi na kazi za semista) ni 40 na mtihani wa mwisho 60, mstari ugawanyike hivyohivyo.

Kisha angalia hali ya hewa ya kwetu. Mbeya mvua hunyesha takriban Novemba hadi Aprili, na njia ya msituni kwenda Ziwa Ngozi huteleza vibaya. Kama kozi ya jiografia ina ziara huko, ipeleke Juni, na kwenye mchoro wa wiki hiyo uandike sweta na viatu imara, maana Juni ni baridi kweli. Picha ya Ngozi, ya Kimondo cha Mbozi au ya nguzo za udongo za Isimila, Iringa, ikae kwenye wiki inayohusika. Ikiwa jalada tu, ni pambo, na mimi ningeiondoa. Picha ya mtu mwingine iombee ruhusa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mahali silabasi itakaposomewa. Wengi wataifungua kwenye simu ndogo, na waliobaki watatoa kopi nyeusi na nyeupe steshenari. Kijani na nyekundu zikipita kwenye mashine ya kopi zote zinakuwa kijivu, na kuna wanafunzi wasiozitofautisha hata kwenye rangi kamili. Kwa hiyo tofautisha kwa mistari, nukta na maneno, rangi iwe nyongeza. Panga kila kitu kwa safu moja kutoka juu kwenda chini, wasilazimike kuvuta kioo huku na huku. Kwenye kundi la WhatsApp tuma PDF kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha herufi ndogo hufifia. Faili liwe jepesi. Bando ni hela. Andaa pia toleo la maandishi matupu kwa mwanafunzi asiyeona, kwani programu ya kusomea kwa sauti haielewi mchoro.

Mwisho, mpe rasimu CR (kiongozi wa darasa) wa mwaka uliopita, umuulize testi ya kwanza ni lini, ina alama ngapi, na akikwama amwone nani, saa ngapi. Jibu atakalolitafuta kwa muda mrefu linakuonyesha sehemu ya kuchora upya kabla hujachapa.