Kuhamisha mhusika wako kutoka Baldur's Gate kwenda Baldur's Gate II

Mwongozo huu ni wa matoleo yaliyoboreshwa ya gemu hizi, yaitwayo Enhanced Edition (la kwanza lilitoka 2012, la pili 2013), kwenye Windows, na unawahusu zaidi wale wa Goma wanaomaliza gemu ya kwanza kwenye mashini moja na kuanza ya pili kwenye nyingine. Anayehama ni mhusika mkuu peke yake, na XP zake (pointi za uzoefu), uwezo wake na uchawi aliokwisha kuuandika kitabuni. Silaha na dhahabu havivuki. Gemu ya pili inakukuta ndani ya kizimba cha Irenicus, adui wa gemu hiyo, mikono mitupu.

Hatua ya 1: Mwandae kabla ya Sarevok, adui wa mwisho wa gemu ya kwanza

Vitabu vinavyoongeza uwezo asome yeye, si wenzake. Viko 8: vitatu vya hekima, na kimoja kimoja kwa kila uwezo mwingine. Wenzako kama Minsc na Jaheira utawakuta upande wa pili na uwezo wao ule ule wa kuandikiwa, kwa hiyo kitabu ulichompa Minsc kimepotea bure.

Mchawi aandike kila karatasi ya uchawi aliyonayo. XP nazo zitafute hadi kikomo cha 161,000. Ukihamia na chini ya 89,000, gemu ya pili itakupandisha hadi hapo, lakini mchawi mwenye 89,000 yuko ngazi ya 7 tu, akibakiza 1,000 kufika ya 8. Mwenye 161,000 yuko ngazi ya 9.

Suruali ya dhahabu ya Friendly Arm Inn iwe kwenye mzigo wa mhusika mkuu mwenyewe. Ni kifaa cha ajabu kisichofaa kitu sasa, ila bila hiyo fundi Cespenar hatakutengenezea vazi la vita liitwalo Big Metal Unit kule Throne of Bhaal, nyongeza ya gemu ya pili.

Hatua ya 2: Mtoe

Sarevok akishakufa, fungua save (mchezo uliohifadhiwa) ya mwisho, bonyeza R kufungua ukurasa wa mhusika, kisha “Export”: itaunda faili ya .chr ya mhusika wako. Mwenye Siege of Dragonspear, nyongeza inayounganisha gemu hizi mbili, atajikuta kwenye kaburi la Korlasz. Anaweza kumtoa pale, au aicheze hadi mwisho kwanza (kikomo chake ni XP 500,000). Jina la faili liwe fupi, lisizidi herufi 8, bila nafasi wala alama za Kifaransa juu ya herufi.

Kuna njia ya kuhamisha save nzima. Mimi siipendekezi. Save ni folda yenye faili nyingi, na ikipungua moja tu haifunguki. Faili ya .chr ni moja, ndogo sana, hata kwa WhatsApp inapita ikitumwa kama dokima (document).

Hatua ya 3: Mfikishe mahali gemu inapotazama

Hapa ndipo watu wanapoteza usiku mzima, kwa sababu gemu haikuambii kosa. Inakuonyesha orodha tupu, basi.

Faili inatoka Documents\Baldur's Gate - Enhanced Edition\characters na inaingia Documents\Baldur's Gate II - Enhanced Edition\characters. Tatizo ni kwamba mashini yenye OneDrive inaweza kuwa na Documents mbili, moja kwenye folda ya mtumiaji, nyingine ndani ya OneDrive, na zote zinafanana kwa macho. Usikisie. Fungua gemu ya pili, tengeneza mhusika yeyote wa haraka, ingia mchezoni, mtoe kwa jina JARIBU. Funga gemu, tafuta JARIBU.chr kwenye Windows. Palipo JARIBU, weka wako hapo hapo, si folda ya juu yake wala ya ndani.

Ukipitisha kwa flashi iliyotoka saiba, tazama kwanza. Folda zikigeuka kuwa njia za mkato, usizibonyeze: ni virusi, na faili zako bado zipo, zimefichwa tu. Fungua cmd, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako), kisha nakili .chr peke yake na flashi uisafishe kwa antivirusi.

Ukituma kwa zip, kumbuka Windows inapenda kuunda folda nyingine wakati wa kufungua. Ukiiacha faili ndani ya folda hiyo, gemu haiioni.

Mwenye mod (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji) awe macho zaidi. Darasa lililoletwa na mod linahifadhiwa kwa namba, na namba hiyo inafuata mpangilio wa mod zilizowekwa. Mashini ya pili ikiwa na mod tofauti, au zile zile kwa mpangilio tofauti, mhusika wako anaweza kugeuka darasa lingine kabisa. Weka mod zile zile, kwa mfuatano ule ule, kabla ya kumwingiza. Vifaa vya mod mvue kabla ya kumtoa. Havivuki hata hivyo.

Na nakala ya .chr ibaki kwenye simu. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili inaweza kubaki nusu.

Hatua ya 4: Mwingize

Chagua Baldur's Gate II, usichague Throne of Bhaal: hiyo inaanzia XP 2,500,000 na kuruka hadithi nzima. Kwenye kutengeneza mhusika bonyeza “Import”, chagua faili ya mhusika, halafu linganisha HP (pointi za uhai) na kila uwezo na ulivyoviacha. Kama hekima haijabeba zile pointi 3, umeleta faili ya zamani. Rudi hatua ya 2.