SOMO: Kufuatilia bei ya hisa za SPAC, soma yote kabla hujauliza

Wadau, niko hapa Nakuru na wiki hii swali ni lilelile kila siku, eti bei ya SPAC nitajuaje iko juu ama chini, inboksi imejaa, kwa hivyo naandika mara moja. SPAC ni kampuni haina biashara, inakusanya pesa soko la hisa Marekani halafu inatafuta kampuni ya kweli iungane nayo.

1. Shika alama ya hisa yenyewe. Kule Nasdaq, soko mojawapo la hisa Marekani, herufi ya tano ikiwa U ni yuniti (kawaida hisa na waranti kwa pamoja), W ni waranti (haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa).

2. Ingia EDGAR, tovuti ya serikali ya Marekani yenye ripoti za kampuni, ni bure, fungua 10-Q (ripoti ya robo mwaka) ya mwisho.

3. Hapa ndio niliumia. Tafuta pesa zilizo kwenye trasti (akaunti zinapowekwa pesa za wawekezaji) ugawanye kwa hisa za Klasi A (zilizouzwa kwa umma) PEKE YAKE. Mimi niligawanya kwa zote. Namba nimezirahisisha: trasti dola 234,600,000, Klasi A 23,000,000, za waanzilishi 5,750,000. Kwa zote unapata 8.16, sokoni ilikuwa 9.90, nikaona imepanda kupita kiasi nikauza zote siku hiyohiyo, kumbe jibu ni 10.20 na wenye walingoja wakalipwa 10.20 yao. Waanzilishi hawagusi trasti, hiyo haki waliiacha tangu mwanzo. ONYO lingine: idadi ya hisa ya ukurasa wa kwanza wa 10-Q ni ya tarehe ya baadaye kuliko mizania (hesabu ya mali na madeni). Watu wakikomboa (kurudisha hisa walipwe pesa za trasti) hapo katikati utajikuta unagawanya pesa za Juni kwa hisa za Agosti. Tarehe LAZIMA zilingane.

4. Kila Ijumaa andika bei, trasti kwa hisa, na tofauti.

5. Fuatilia 8-K (taarifa ya jambo kubwa, iko EDGAR), dili ya kuungana hutangazwa huko. Digital World, SPAC iliyoungana na kampuni ya Trump, Oktoba 2021 ilikuwa kama dola 10 ikafunga juu ya 90 siku mbili baada ya tangazo.

MASWALI

Mdau wa Kondele: Yangu iko 10.05 miezi mitatu, imekufa ama?

Jibu: Hatua ya 3.

Mdau wa Kondele: Nimesoma, si useme tu tununue gani

Jibu: Hujasoma. Na simwambii mtu anunue nini, pesa ni zako.

Dada wa Kakamega: Asante kaka. Kwa nini bei ikae chini ya trasti na pesa ziko pale?

Jibu: Swali zuri sana dada. Ni kwa sababu huzipati leo, unangoja kura ya wenye hisa kuhusu muungano au kampuni ivunjwe. 10.20 toa 9.90 ni 0.30, hiyo ni kama asilimia 3 ya bei, sasa angalia imebaki miezi mingapi, ikiwa 6 ni kama asilimia 6 kwa mwaka, linganisha na bondi zetu. Mwisho wa kukomboa kawaida ni siku 2 za kazi kabla ya kura, broka atataka mapema zaidi. Muungano ukishapita hiyo 10.20 haikulindi tena. Na waranti haina fungu kwenye trasti, kampuni ikivunjwa unabaki na sifuri.

Mdau wa Bungoma: Niongeze, msiandike kwa shilingi. Shilingi ikipata nguvu utadhani hisa imeshuka na haijasonga.

Jibu: Kweli kabisa mkuu, ukitaka shilingi pia weka safu mbili, dola kando na shilingi kando. Na soko la Marekani linafunguka saa kumi na nusu jioni yetu, Wamarekani wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa kumi na moja na nusu, bei ya asubuhi kwa simu ni ya jana.