Kuhesabu mwani mdogo wa Ghuba ya Winam bila kudanganywa na unaoelea

Juzi kijana mmoja anayefanya mradi wa mwaka wa nne aliniletea hesabu zake za mwani mdogo wa Dunga, ufukwe wa Ghuba ya Winam (Ziwa Victoria) pale Kisumu. Karibu kila kitu ni diatomu, yaani mwani wa chembe moja wenye ganda gumu. Nikamwuliza maji yalikuwa rangi gani siku ile. "Kijani kibichi, kama mtu amemwaga rangi ya kupaka nyumba." Nikajua papo hapo alikosea wapi, kwa sababu mwaka mmoja nilikosea hapohapo na ikanibidi kurudia kazi ya wiki mbili.

1. Andika kabla ya kuchota

Saa, upepo, mvua ya jana, na kina ambacho kisahani cha Secchi (kinachoshushwa majini kwa kamba kupima uwazi wa maji) kinapotea machoni. Ghuba hii ni ya kina kifupi, wastani kama mita 6, kwa hiyo upepo wa alasiri unakoroga tope hadi juu. Diatomu ni nzito, maana ganda lake ni la silika, na mkorogo huo ndio unaozibeba. Microcystis, ile bakteria ya kijani inayohesabiwa pamoja na mwani, ina vifuko vya hewa: asubuhi maji yakitulia inapanda na kutanda juu. Ukichota Dunga saa moja asubuhi na mdomo wa mto Nyando saa tisa alasiri, umelinganisha upepo, hujalinganisha maeneo.

2. Chota

Chupa mdomo chini, izamishe kiasi cha nusu mkono, igeuze. Ukiona ukoko wa kijani vaa glavu; Microcystis huweza kuwa na sumu inayodhuru ini.

3. Vunja vifuko vya hewa

Hapa ndipo kijana wangu aliporuka. Aliacha maji yatulie, akahesabu kilichozama chini. Microcystis yote ilikuwa imebaki juu, akaimwaga na maji.

Vifuko vikivunjika, nayo inazama. Fanya hivi siku hiyohiyo, kabla ya kutia dawa. Tikisa chupa polepole, vuta maji kwa sirinji ya mililita 2 isiyo na sindano (sindano huziba), toa hewa yote, ziba ncha kwa kipande cha mpira, kisha sukuma kwa kiganja kwa nguvu zako zote. Sirinji kubwa haifai: nguvu ileile ya mkono inatawanyika kwenye eneo pana, shinikizo halitoshi. Utaona kwa macho: maji yaliyokuwa na ukungu wa kijani yanang'aa ghafla. Yasipobadilika, sukuma tena. Rudia mara tano upate mililita 10 za kuhesabu.

Wapo wanaojaza chupa, wakaifunga kwa kizibo na kugonga kizibo kwa nyundo. Inafanya kazi. Mimi nimepasua chupa mbili za soda kwa njia hiyo na sina hamu ya ya tatu.

4. Tia dawa ya Lugol

Ni dawa ya iodini ya kuhifadhi sampuli. Yeyusha kwanza gramu 10 za potasiamu iodaidi kwenye maji kidogo, ndipo utie gramu 5 za iodini, ujaze hadi mililita 100. Ukianza na iodini utakoroga mpaka jioni na haitayeyuka. Tone kwa tone, hadi sampuli iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea.

Wenzangu wa Ziwa Nakuru: maji yenu ya magadi hula iodini, rangi inafifia mkingali mnatazama. Tumieni Lugol yenye asidi ya siki, na msikaze kifuniko mara moja, kwa sababu povu litatoka.

5. Tuliza, hesabu

Saa nne kwa kila sentimita ya urefu wa maji. Sentimita 5 ni saa 20. Silinda ya sentimita 20 ni saa 80, na ndiyo maana nachukia silinda ndefu.

Na tope?

Kata ncha ya sirinji kubwa, ichomeke kwenye tope, chukua sentimita moja ya juu tu. Mwaga kwenye kisahani, liache litulie, ondoa maji, tandika juu yake karatasi laini ya kufutia lenzi na uliweke dirishani usiku kucha. Diatomu hai zinazoweza kutambaa hufuata mwanga na kuingia kwenye karatasi. Asubuhi ibandue, isuuze kwenye maji kidogo, tia Lugol. Zilizokufa na zisizotambaa hubaki chini, kwa hiyo usitegemee njia hii kukupa idadi kamili.

Kijana amerudia chupa ya Dunga jana. Chini ya hadubini sasa diatomu anazitafuta.