Ndugu alienda Saudia kazi halafu simu ikakata: vile utamtafuta

Huku kwetu Ganze, Kilifi, huwezi pata kijiji ambacho hakuna mtu ameenda Saudia. Mvua ikikataa misimu miwili, mahindi yakakauka yakiwa urefu wa magoti, mbuzi wanauzwa mmoja mmoja, na hapo ndio ajenti hutokea na pikipiki, pasipoti bure, medikali bure, tiketi bure, miaka 2 unarudi unajengea mama nyumba ya mawe. Na wapo wanaorudi wakajenga, tusiseme uongo. Lakini wapo wanaopiga simu miezi ya kwanza kila ijumaa, halafu mara moja kwa mwezi, halafu kimya. Binamu yangu alinyamaza miezi 14. Nilimpata, lakini nilikosea karibu kila kitu kabla sijapatia.

Kosa kubwa kabisa niliweka picha yake kila grupu la Wakenya walio Gulf, jina kamili, mji, hadi jina la kafili wake, yaani bosi anayemdhamini huko, nikaandika ametoweka jamani sharenini. Kumbe alikuwa ameshatoka kwa ile nyumba kitambo, amekuwa kemboi, wale wa huko wanajua nasema nini, yani umekimbia bosi unafanya vibarua vya kujificha. Kafili akishakuripoti umetoroka unaingizwa kwenye hurubu, orodha ya waliotoroka, iqama yako, kile kibali cha kukaa, haina kazi tena, ukishikwa barabarani ni tarhili moja kwa moja, unazuiliwa urudishwe kwenu. Sasa alipoona uso wake kila mahali, na wenzake anaokaa nao wakaanza kumwambia wewe utatuletea polisi hapa, akavunja laini akahama. Nikampoteza miezi mingine 4 kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hivyo picha na kelele ziweke mwisho, kwanza jua hali yake.

Anzia nyumbani kwa karatasi. Huko mtu hajulikani kwa jina, anajulikana kwa namba. Pekua sanduku la mama yake, begi la shule, chini ya godoro, nyuma ya kalenda. Sisi kopi ya visa tuliipata imekunjwa mara 8 ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto wake, mende wameshakula kwenye mkunjo, lakini namba zilionekana zote isipokuwa moja. Unachotafuta ni namba ya pasipoti, namba ya visa, jina la kafili na namba ya kitambulisho chake, na jina la ofisi iliyompokea kule, ile wasichana wanaita maktab. Ujanja mdogo: Saudia kitambulisho cha raia huanza na 1 na iqama ya mgeni huanza na 2, kwa hivyo ukiona namba inaanza na 1 hiyo ni ya kafili, usiende ukaiandika kila fomu ukidhani ni ya dadako kama nilivyofanya mimi.

Kama hakuna karatasi hata moja usikate tamaa, faili yake ya pasipoti iko Immigration, na ajenti anatakiwa kuwa na kontrakti. Ajenti akikuzungusha (wetu alikuwa kila siku yuko mkutanoni Nairobi) angalia kama kampuni yake imesajiliwa na NEA, mamlaka ya ajira ya serikali, maana hao ndio wanaotoa leseni, na ukimtajia kwamba unaenda kulalamika huko utashangaa mkutano unavyoisha haraka. Lakini mwaka aliosafiri ni muhimu. Serikali ilipiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Uarabuni 2014 ikafungua tena 2017, na kwenye kile kipindi watu waliendelea kwenda, wengine wakipitia Uganda, wengine na visa ya kutembea. Kama wako alienda wakati huo rekodi ya serikali huenda usiipate kabisa, utategemea watu.

Na watu ndio njia nzuri kuliko zote. Hakuna msichana anayesafiri peke yake, wanaenda kundi. Kabla ya kuondoka wamekaa hosteli pamoja wakifunzwa homecare, wakapigwa picha airport na tisheti za rangi moja, na kule wakapokelewa na maktab moja. Tafuta ile picha. Mimi niliizungusha kimyakimya, kwa mtu mmoja mmoja inbox, naulizia wale wengine 5, sio yeye. Mmoja alikuwa amesharudi anauza samaki Malindi, nikamfuata hadi pale sokoni, akaniangalia muda mrefu akaniuliza kwanza wewe ni nani wake. Akaniuliza tena jina la nyanya yetu. Ndipo akanipa namba ya mwingine aliyebaki Riyadh, na huyo ndiye aliyejua.

Simu zenyewe pia zina habari. Rudi kwenye M-Pesa na zile risiti za kupokea pesa, angalia jina la aliyetuma, mara nyingi si yeye, ni rafiki aliyetumiwa amtumie, na huyo rafiki anapatikana. Namba zikianza +966 ni Saudia, 968 Oman, 971 Emirates, 974 Qatar, 965 Kuwait, usije ukahangaika Riyadh na mtu alishauzwa nyumba ya nchi nyingine. Kwa Saudia ikifuatwa na 5 ni simu ya mkono, lakini ikifuatwa na 11 ni laini ya mezani Riyadh, 12 ni upande wa Jeddah na Makka, 13 ni upande wa Dammam. Binamu aliwahi kupiga mara moja na simu ya nyumba ya bosi, ile 12 ndio ilitutoa Riyadh alikoandikishwa, kumbe alipelekwa kwa dada ya madam. Kuhusu saa, Saudia saa zao ni sawa na zetu, Oman na Dubai wako mbele saa moja. Piga usiku, saa tano saa sita, ndio kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, anapata nafasi. Na kama yuko Dubai au Oman WhatsApp ya kupiga mara nyingi inafungwa huko, kwa hivyo usidhani anakukatia, mwachie voice note.

Sasa serikali. Enda polisi uandikishe upate namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, chukua barua ya chifu inayosema wewe ni nani wake, halafu peleka kopi zote Wizara ya Mambo ya Nje, idara ya diaspora, na ubalozi wa nchi aliko. Usiandike hadithi ndefu. Mstari wa kwanza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, wa pili namba ya pasipoti, wa tatu kafili, wa nne mara ya mwisho kuongea. Kama kuna ishara aliuzwa au alidanganywa kazi, DCI, wale wapelelezi wa jinai, wana kitengo cha usafirishaji haramu wa binadamu. Ndugu zetu wa Tanga na Unguja mambo ni hayo hayo, ila wengi wenu wako Oman kwa hivyo mlango ni ubalozi wa Muscat.

Kuna wengi hawajui Red Cross hutafuta watu waliopotezana na familia, bure, unaenda tawi lako unajaza fomu. Wakimpata wanamuuliza yeye kwanza kama anataka mjue aliko. Shangazi alikasirika kusikia hivyo, ati mtoto wangu aulizwe kama ananitaka, lakini mtu mzima ana mambo yake, wengine wananyamaza kwa aibu tu kwamba pesa walizoahidi hazikupatikana.

Jambo la jina sikulitegemea kabisa. Kiarabu hakina P wala V wala CH, kwa hivyo Pendo anaandikwa Bendo, Charo anakuwa Sharo. Mtu akikuulizia hospitali, jela au mochari kule kwa jina la kwetu anaambiwa hayuko. Mtafute mtu anayejua Kiarabu, ustadh wa madrasa yuko karibu, akuandikie jina namna 2 au 3 na utume zote pamoja na picha ya pasipoti.

Ukishaanza kuulizia matapeli watakunusa. Atakuja mtu anasema nimemwona yuko jela tuma elfu 30 atoke leo. Sema nataka sauti yake akiongea Kigiriama, ataje mbuzi aliyeuzwa kulipia kitambulisho chake alikuwa rangi gani. Matapeli wetu 3 walitoweka kwa hilo swali moja.

Akipatikana na pasipoti iko kwa kafili, ubalozi huweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria, na wa hurubu mara nyingi anarudi kupitia tarhili. Mkienda kumpokea JKIA bebeni leso, sweta na ndara, maana binamu alishuka na mfuko wa plastiki mmoja, ndani kuna chaja na kanga yake ile aliyoondoka nayo.