Somo: Siku moja kwa gari kwenye mashamba ya zabibu ya Alsace

Wakuu, wale mlioniuliza kuhusu Barabara ya Mvinyo ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, somo ndilo hili. Barabara nzima ina kilomita zipatazo 170, kutoka Marlenheim hadi Thann. Msijaribu kuimaliza kwa siku moja, mtaishia kuona maegesho tu. Chukueni kipande cha katikati, kilicho jirani na Colmar.

Hatua ya 1: Kubalianeni nani hanywi. Kikomo cha dereva ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni mpya ni 0.2. Mkionja, temeni kwenye chombo kilichowekwa. Hakuna atakayekushangaa, hata wataalamu wao hutema.

Hatua ya 2: Eguisheim, kabla ya saa tatu asubuhi. Acheni gari nje ya mji. Vichochoro vinazunguka kwa duara, nyumba zenye fremu za mbao zimebanana pande zote, na mabasi ya watalii yakishashusha watu, picha ya maana hupati tena.

Hatua ya 3: Kaysersberg. Hapa ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari wa Lambaréné, Gabon. Pandeni hadi kwenye magofu ya ngome juu ya mji.

Hatua ya 4: Riquewihr, mchana. Mnara wa Dolder unatoka mwaka 1291. Wauzaji wengi wa mvinyo hufunga saa sita hadi saa nane, basi huo ndio muda wa kula. Tarte flambée ni unga mwembamba uliopakwa krimu, ukawekwa vitunguu na nyama ya nguruwe. Asiyekula nguruwe aseme mapema.

Saa nane mkaonje mvinyo mweupe, lakini kwa mpangilio wa aina zake: Sylvaner kwanza, kisha Riesling, Gewurztraminer mwisho. Huyo wa mwisho ananukia waridi, na ukianza naye, Riesling utaiona kama maji ya bomba. Watu wengi wanaosema Riesling haina ladha wamekosea hapo tu.

Hatua ya 5: Ngome ya Haut-Koenigsbourg, mfike kabla ya saa kumi. Inaonekana ya kale kweli, ila sehemu kubwa ilijengwa upya kati ya 1900 na 1908 kwa amri ya Kaisari Wilhelm II, Alsace ilipokuwa chini ya Ujerumani. Ni Kaisari yuleyule wa enzi za Maji Maji kwetu.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi nimezoea kuendesha kushoto. Nitaweza?
Kulia utazoea haraka. Kinachowaponza wageni ni njia panda za vijijini: pasipo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata akitoka kichochoroni. Ukiona alama ya almasi ya njano, hapo wewe ndiye mwenye haki ya kupita.

Sinywi pombe kabisa. Niende?
Nenda. Miji yenyewe inatosha, na juisi ya zabibu unaweza kuulizia.

Mwezi gani mzuri?
Septemba, wakati wa mavuno. Desemba kuna masoko ya Krismasi, yanapendeza, lakini kwa maegesho utazunguka mpaka uchoke. Ukienda mwezi huo, lala Colmar na upande basi.